Usiku wa Vivuli Mjini Ferrara

Mwaka 2018, mwezi wa Julai, nilikwenda Italia kumzuru mpwa wangu anayefanya kazi ya kupakia mizigo mjini Bologna. Mama yake alinipa ujumbe mmoja tu: nimwambie arudi Mombasa. Jumamosi jioni kijana akanipandisha gari la moshi, na kabla ya saa nzima kupita tukashuka Ferrara. "Mjomba, leo nitakuonyesha kitu," alisema.

Tulisali Magharibi, ambayo huko wakati wa joto huingia karibu saa tatu za usiku, kisha tukasimama katika uwanja ulio kando ya ngome ya matofali mekundu. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1385 na imezungukwa na maji. Mara taa zote zikazimwa. Ikawashwa moja tu, iliyolazwa chini kabisa juu ya mawe, na vivuli vya watu na nguzo vikanyooka mpaka upande wa pili wa uwanja. Wakatoka vijana watano, polepole. Vichwani walivaa kitu mfano wa yai kubwa jeupe, halina macho wala pua wala mdomo. Hapana aliyesema neno. Kila mmoja alipoikaribia taa, kivuli chake kilipanda ukutani kama kinachotaka kuifikia minara.

Mchezo huo, wasomaji wapenzi, ulitokana na picha za Giorgio de Chirico, Mwitalia aliyezaliwa Volos, Ugiriki, mwaka 1888 na kufariki Roma mwaka 1978. Alifika Ferrara mwaka 1915 akiwa askari wa Vita Vikuu vya Kwanza. Hapo alichora sanamu zisizo na nyuso, kama zile za mafundi cherehani za kujaribia nguo, na katika picha mojawapo ngome yenyewe yaonekana nyuma. Uchoraji huo huitwa wa kimetafizikia, yaani wa mambo yaliyo nyuma ya yale tuyaonayo.

Nakiri kwamba mimi, kama wengi wetu wa pwani, picha za viumbe hunitia wasiwasi. Lakini viumbe wasio na nyuso! Masheikh wangesemaje sijui. Mimi niliona nafuu.

Lililonishika zaidi ni habari ya saa. Katika picha yake ya mwaka 1913 iitwayo Malipo ya Mtabiri, saa ya ukutani yaonyesha saa nane kasoro dakika chache, na huku vivuli vimelala virefu. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kusimamisha kijiti uani: kivuli kikiwa sawa na kijiti, juu ya kile cha jua la utosi, Alasiri imeingia. Kwa kipimo hicho, ama saa ile inaongopa ama jua. Nyuma ya tao, kwa mbali, imesimama mitende miwili.

"Ndivyo ninavyotoka kazini, Mjomba," mpwa wangu aliniambia. "Vivuli naviona, nyuso sizioni. Mwaka wa nne huu."

Nikaona ndio wakati, nikautoa ujumbe wa mama yake. Alinyamaza mpaka taa ikazimwa na watu wakapiga makofi.

"Nikirudi, kazi ipo?"

Nilitazama saa yangu. Isha ilikuwa imeshaingia. Tukaenda kutafuta mahali pa kusali kabla ya gari la moshi.