Mtoko wa Tabora ni Stesheni

Kila bumu likiingia, kundi letu linashuka Mlimani City. Hatununui kitu cha maana. Tunazunguka, tunapiga picha, tunakula chipsi, tunapoa kwenye kiyoyozi, tunarudi hosteli kwa miguu. Yale maduka si yamejengwa kwenye ardhi ya chuo chetu, basi tuko nyumbani. Sasa juzi mwenzangu mmoja, mtoto wa Dar, akaniuliza: "Hivi kwenu Tabora mkitaka kutoka mnaenda wapi?" Nikamjibu, stesheni. Alicheka mpaka akamwaga soda. Ngoja nieleze.

Mjini kwetu ni sokoni na mitaa inayolizunguka soko: maduka ya zamani yenye baraza, mafundi cherehani kivulini, na miembe mikubwa ambayo wazee wanasema ina asili ya misafara ya pembe na watumwa. Ukifika usikose asali. Ipo ya nyuki wa kawaida, na ipo ya nyuki wadogo wasiouma, yenye uchachu kidogo na bei ya juu. Onja kabla hujalipa. Muuzaji hakasiriki, akikasirika nenda kwa mwingine.

Lakini moyo wa mji ni stesheni. Treni ya reli ya zamani ikitoka Dar, Tabora ndipo inapokatwa: mabehewa ya Mwanza yanakwenda kaskazini, ya Kigoma na Mpanda yanaelekea magharibi. Kazi hiyo ina masaa yake. Abiria wanashuka, wananawa uso, wananunua wali, karanga, asali kwenye chupa za maji. Sisi wa mjini tunakwenda kuangalia watu. Jioni ya treni, vijana wanavaa vizuri kabisa, na hakuna hata mmoja anayesafiri.

Mama yangu anauza pale tangu nikiwa darasa la pili. Anauza karanga na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Wazee wengine wanasema hata jina la Tabora limetokana na chakula hicho, kwa sababu ndicho kilichowashibisha wasafiri. Mimi sibishi. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye beseni hilo.

Mtoko wa pili ni Kwihara, nje kidogo ya mji. Panda bodaboda, kubaliana naye akusubiri. Kuna tembe, sasa ni makumbusho, alikokaa Livingstone. Machi 1872 Stanley alimwacha hapo akashuka pwani kumtafutia wapagazi, na mzee akabaki kuwasubiri mpaka Agosti. Mwaka uliofuata mwili wake ukapita huku huku Unyanyembe, umebebwa na kina Susi na Chuma. Shuleni tulikariri majina ya Wazungu, ila ukisimama pale unajiuliza mengine: hiyo miezi yote alilishwa na nani? Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857 walikuwa wameshatembea zaidi ya siku 130 kutoka pwani. Watu waliofika wamechoka namna hiyo hawapiti tu. Wanakaa, wanakula, wanatafuta wapagazi wapya, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Mji ulikua juu ya kusubiri kwao.

Halafu reli ikaingia Tabora mwaka 1912, na miaka miwili baadaye ikafika Kigoma. Mzigo uliohitaji mabega ya mamia ya watu ukaingia behewa moja. Upagazi katika njia ile ukafa. Mji haukufa, kwa sababu treni nayo ilikuwa na tabia ya kusubiri, na akina mama wakahamishia mabeseni yao stesheni.

Ndiyo maana SGR inaninyima raha kidogo, na naomba nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe nimeipanda mpaka Dodoma, chini ya saa nne, nikashuka bila vumbi. Kipande cha Makutupora hadi Tabora ni kilomita 368, na kikikamilika nitakuwa wa kwanza kukata tiketi. Nani anataka kulala njiani siku mbili?

Nilipompigia mama kumsimulia ile safari ya Dodoma, hakuniuliza kuhusu mwendo. Aliuliza, "Inasimama muda gani kwenye stesheni?" Nikamwambia dakika chache tu. Akasema sawa, atafunga karanga kwenye vifuko vidogo vidogo, awe anapitisha dirishani haraka haraka.

"Mama, madirisha yake hayafunguki."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama nimekula.