Kufuli la Kampuni na Haki ya Mwenye Simu

Kobalti ichimbwayo katika ardhi ya Kolwezi, mkoani Lualaba, ambayo pamoja na ile ya machimbo mengine ya Kongo hupita nusu ya kobalti yote ya dunia, husafirishwa kwa malori hadi mpaka wa Kasumbalesa, ikavuka Zambia kuelekea bandarini, ikasafishwa China na kutiwa katika betri za simu. Na baadhi ya simu hizo, baada ya kutumiwa miaka miwili mitatu Ulaya au Marekani, hurejea Kolwezi, katika mitaa ya Manika na Dilala, ndani ya mabegi ya jamaa waliosafiri, au katika maboksi ya wafanyabiashara wapitao Dubai, zikiwa nzima, safi, na zimefungwa.

Mnunuzi akitia laini ya Vodacom, kioo humtaka alete tarakimu za siri asizozijua; akiitoa akatia ya Airtel, ya Orange au ya Africell, jawabu ni lile lile. Kampuni iliyoiuza simu mara ya kwanza ilimpa mteja wake kwa bei nafuu au kwa malipo ya kila mwezi, ikaifunga isikubali mtandao mwingine hadi deni liishe. Na deni lilipokwisha, aghalabu hapakuwa na aliyekumbuka kuomba ifunguliwe. Dhara ya jambo hili kwa mtu wa Lualaba ni kubwa, maana si ajabu huku mtu kuwa na laini tatu, moja ya kutuma na kupokea fedha, moja ya intaneti, na moja ya kuzungumza na nduguze kwa gharama ndogo, na mchuuzi aendaye Kasumbalesa huongeza ya Zambia. Ndipo simu hupelekwa kwa fundi ikadekodiwe, yaani ifunguliwe kufuli, kama wasemavyo mafundi wa huku, na hapo mezani pake huzuka swali la uhalali, ijapokuwa ni wachache waliulizao.

Marekani, zilikotoka baadhi ya simu hizi, ilibabaika sana katika shauri hili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja makufuli ya programu. Maktaba ya Bunge, iliyopewa mamlaka ya kutoa ruhusa maalumu, ilikataa mwaka 2012 kuiendeleza ruhusa ya kufungua simu mpya, hata kuanzia tarehe 26 Januari 2013 mtu aliyeifungua simu aliyoinunua kwa fedha yake bila idhini ya kampuni akahesabiwa mkosaji. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini malalamiko kwa serikali, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akatia saini sheria iliyorejesha ruhusa ile, ikamwezesha mwenye simu hata kumwagiza mtu mwingine amfanyie kazi hiyo. Kanada ilikwenda mbali zaidi ikayakataza makampuni kuuza simu zilizofungwa tangu tarehe 1 Desemba 2017, na Uingereza ikafuata tarehe 17 Desemba 2021. Hii ndiyo insafu, kwa rai yangu, kwani maadamu deni limelipwa, kufuli halina tena hoja ya kusimamia. Si sawa na simu za mkopo, mathalani zile za Lipa Mdogo Mdogo zilizoanza Kenya mwaka 2020, ambazo hufungwa mteja asipolipa. Kule deni lipo hai, na kulivunja kufuli ni kuvunja ahadi.

Walakini kosa kubwa la mezani ni kuyachanganya makufuli yasiyofanana. Kufuli la mtandao ni mapatano ya biashara. Kufuli la akaunti, lile liulizalo jina na neno la siri la mwenyewe wa kwanza, ni ulinzi dhidi ya mwizi, na simu iliyo nalo yafaa irudishwe kwa aliyeiuza. Kisha iko simu ambayo namba yake ya tarakimu 15, ile itokeayo ukibonyeza *#06#, imetangazwa kuwa imeibiwa. Hiyo haina kufuli la kufunguliwa. Na fundi akubaliye kuibadilisha namba yenyewe ameondoka katika ufundi akaingia katika jinai, ambayo Uingereza iliitungia sheria mwaka 2002, na sheria za mawasiliano za Kenya na Tanzania nazo zimeikataza.

Hata kufuli halali laweza kumtia mtu hasara. Simu nyingi hukubali majaribio machache tu ya tarakimu, kisha hujifunga moja kwa moja. Nyingine hufunguka vema, lakini zilitengenezwa kwa masafa ya Marekani, zikashindwa kushika vizuri mtandao wa hapa. Na iPhone ziuzwazo Marekani tangu ile ya 14, ya mwaka 2022, hazina kabisa tundu la kutia laini ya kadi. Anayeweza kuyaondoa mengi ya mashaka haya ni jamaa aliye ughaibuni, kwani kampuni husikiliza ombi la yule mwenye hesabu kwake, tena aghalabu bila malipo. Basi na aombe yeye kabla ya kuifunga zawadi yake begini.

Wakongo waliijua namba ile ya tarakimu 15 kwa njia chungu. Tangu Septemba 2020 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilikuwa ikiwakata salio wenye simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu za kizazi cha pili na dola 7 kwa zile za juu yake, kwa ajili ya daftari la vyombo lililoitwa RAM, ambalo watu waliambiwa kuwa litawakinga na wizi na bidhaa bandia. Malalamiko yakazidi hata bungeni, na mwanzoni mwa 2022 tozo ikafutwa. Fedha zilikwisha kutolewa na wachimbaji, wauza mboga na wanafunzi. Haki yao ni kwamba mnunuzi asimamaye sokoni Kolwezi aweze kuituma namba ya tarakimu 15 ya simu kwa ujumbe mfupi, bure, akajibiwa kabla hajatoa fedha yake iwapo simu ile imeibiwa.