Falcon 4.0: mchezo wa vita uliofungwa mwaka 1999, na watu waliokataa ufe

Mwezi Desemba 1998, kampuni ya Marekani MicroProse ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Falcon 4.0. Ndani ya boksi mlikuwa na sidii moja na kitabu cha maelekezo cha kurasa zaidi ya 500, kilichofungwa kwa pete kama faili la ofisini. Aliyetaka kurusha ndege ya F-16 kwenye mchezo huo alipaswa kwanza kusoma.

Mwaka mmoja baadaye, watu walioutengeneza hawakuwa na kazi tena. MicroProse ilikuwa imenunuliwa na Hasbro Interactive, tawi la kampuni kubwa ya midoli, na Desemba 1999 ofisi ya Alameda, jimbo la California, ikafungwa. Mchezo ulikuwa umetoka na hitilafu nyingi. Masahihisho yalikuwa yametolewa mara kadhaa, lakini mengi yalikuwa bado hayajaguswa. Kwa hesabu za wafanyabiashara, habari ya Falcon ilikuwa imeisha.

Leo mchezo huo ungali unachezwa, na bado unatolewa matoleo mapya. Wanaofanya kazi hiyo hawalipwi na hawauzi kitu.

Sababu iko ndani ya mchezo wenyewe. Michezo mingi ya ndege za kivita humpa mchezaji kazi zilizopangwa tangu mwanzo: ruka, piga daraja, rudi, na kesho unakuta maadui walewale mahali palepale. Falcon 4.0 iliweka vita kamili katika rasi ya Korea, na vita hiyo inaendelea hata kama mchezaji amekwenda kulala huku kompyuta ikiwaka. Vifaru vinasogea, misafara inapeleka mafuta, ndege nyingine zinapaa na kuanguka. Ukivunja daraja leo, kikosi cha adui kinachelewa kesho. Ukishindwa kulivunja, utakikuta kimeshafika.

Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuhesabu kila askari na kila risasi. Kwa hiyo watengenezaji walitumia njia ya akili: kilicho karibu na mchezaji kinahesabiwa kwa undani, na kilicho mbali kinahesabiwa kwa jumla tu, mpaka atakapokikaribia. Kazi hiyo ilichukua miaka, na ni kampuni chache sana zilizothubutu kuirudia. Hiyo ndiyo mali ambayo wapenzi wa Falcon waliona inataka kutupwa.

Aprili 2000, msimbo wa mchezo, yaani maandishi ya programu ambayo kampuni hufungia kabatini, ulivuja kwenye intaneti. Kisheria ulikuwa mali ya watu, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Lakini bila uvujaji ule Falcon ingekuwa leo sidii ya kuwekwa makumbusho. Vikundi kadhaa vya wapenzi viliuchukua msimbo, kila kimoja kikarekebisha kwa namna yake. Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Lead Pursuit ilitoa toleo lenye kibali, Falcon 4.0: Allied Force. Vikundi vingi vilichoka njiani.

Kilichobaki imara ni Benchmark Sims, maarufu kama BMS. Mwaka 2011 kilitoa toleo 4.32, na wachezaji wakaona kwamba mchezo wa zamani umepewa macho mapya, rada inayofanya kazi karibu zaidi na ile halisi, na ndege inayoruka kwa kufuata sheria za anga. Mwaka 2022 toleo 4.37 liliwawezesha wenye miwani ya uhalisia pepe kukaa ndani ya chumba cha rubani na kugeuza shingo kumtafuta adui.

Kuhusu haki za mwenye mali, BMS ilipata njia rahisi. Programu yao ni ya bure, lakini haikubali kuingia kwenye kompyuta mpaka iikute nakala halali ya Falcon 4.0 ya mwaka 1998. Kwa hiyo kila rubani mpya hununua kwanza mchezo wa kale, ambao huuzwa kwa dola chache mtandaoni, na mwenye haki hupata chake.

Si wote wanaofanya kazi bure. Kundi la Warfare Sims lilianza kwa watu waliopenda Harpoon, mchezo wa vita vya baharini uliobuniwa na Larry Bond, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani. Harpoon ilipozeeka, walitengeneza wa kwao, Command, uliotoka 2013. Sura yake ni ramani na alama ndogo, hakuna cha kumvutia mtoto. Lakini ndani yake mna kumbukumbu za meli, ndege na makombora tangu 1946, na wachezaji wenyewe husaidia kuzisahihisha. Tangu 2015 kuna toleo la pekee kwa ajili ya majeshi na taasisi za ulinzi. Wateja hao wachache, wenye fedha, husaidia kuweka hai mchezo ambao soko la kawaida lisingeuweza.

Fedha nazo huleta matata yake. Mwaka 2024, RAZBAM, kampuni ndogo iliyotengeneza ndege ya F-15E kwa ajili ya mchezo DCS World, ilisimamisha kazi kutokana na mzozo wa malipo na Eagle Dynamics, wenye mchezo huo. Waliokwisha kulipia ndege hiyo walibaki wakisubiri, nao hawakuwa sehemu ya ugomvi. BMS haina hatari hiyo kwa kuwa haina mishahara. Hatari yake ni nyingine: mtu anayejua sehemu moja ya msimbo akipata mtoto, au kazi mpya, sehemu hiyo husimama mpaka mwingine aielewe.

Msomaji wa Goma au Bunia anaweza kuuliza kwa nini mtu akae miaka ishirini akitengeneza vita ya kuigiza. Ni swali la haki, na sisi tunaojua mlio wa kweli hatuwezi kulijibu kwa niaba yao. Ninachokiona ni kwamba watu hawa hutumia muda mwingi kwenye ramani, mafuta na taratibu kuliko kwenye kufyatua.

Mwaka 2023, MicroProse, iliyofufuliwa na Mwaustralia David Lagettie, ilitangaza kwamba jina la Falcon limerudi mikononi mwake. Kwa BMS mlango haujabadilika: nunua mchezo wa 1998, kisha pakua bure. Mgeni ajiandae kwamba siku ya kwanza huenda asiruke kabisa. Kuwasha F-16, kutoka betri mpaka mitambo ya uelekeo kuwa tayari, huchukua dakika kadhaa, na kitufe kimoja kikisahaulika unarudi kwenye kitabu.