Handaki la Maji Lilikuwa la Nini?

Ukisikia nyumba iliyozungukwa na handaki la maji, mawazo hukimbilia vitani: mishale, ngazi za kuparamia kuta, daraja linaloinuliwa adui akitokea. Kwa nyumba nyingi za mashambani Uingereza katika Zama za Kati, mambo hayakuwa hivyo. Nchini humo yanajulikana mabaki ya makazi hayo yapatayo 6,000, na mahandaki mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350. Yamejaa zaidi mashariki na katikati ya nchi, mathalani Suffolk na Essex, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi ambamo maji yakishaingia shimoni hayanywei upesi.

Litazame handaki lenyewe. Mahandaki mengi yana upana wa mita chache tu, mengine yamezunguka pande tatu, na mara nyingi ndani hamna ukuta wa maana. Jeshi lisingezuilika hapo. Mwizi wa farasi, hata hivyo, alikuwa na kazi: njia ya kutoka na mnyama ni moja tu, daraja, nalo linaonekana kutoka nyumbani kwa bwana.

Udongo uliochimbwa ulimwagwa katikati kuinua kiwanja, nyumba ikakaa pakavu. Moto ukizuka katika majengo ya mbao na mapaa ya nyasi, maji yapo. Tena Kanisa lilikataza nyama siku za Ijumaa na Kwaresima nzima, hivyo samaki wa kufuga karibu na jiko walikuwa neema. (Vyoo vya baadhi ya nyumba viliishia katika maji hayohayo; kuhusu utamu wa kitoweo, sina la kusema.)

Lakini naona kilichowasukuma zaidi ni kutaka heshima. Kasri za wakubwa zilikuwa na mahandaki. Mabwana wadogo wa vijijini wakaiga, kisha wakulima huru wenye uwezo nao wakafuata. Mgeni aliyevuka daraja alijua anaingia kwa mtu mwenye nafasi yake.

Ightham Mote, katika jimbo la Kent, ni nyumba ya karne ya 14 ambayo hadi leo imezungukwa na maji yake. Kwingine kumebaki bonde dogo la mraba lililoota nyasi. Usilidharau: matope yake yasiyopata hewa huweza kuhifadhi viatu vya ngozi, vyombo vya mbao na hata mbegu. Mengi ya maeneo hayo yanalindwa kisheria, na kuyachimba bila kibali cha serikali ni kosa la jinai.