Mbung'o wa Mto Matandu na Ng'ombe wa Mwalimu

Tulipokea barua ya mwalimu mmoja akaaye katika wilaya ya Kilwa, si mbali na mto Matandu. Asema alinunua ng'ombe jike kwa jirani yake mfugaji, ili watoto wapate maziwa. Miezi miwili ng'ombe alikuwa mzima, akilishwa ng'ambo ya mto penye majani mazuri. Kisha akaanza kukonda, ijapokuwa alikula. Nywele zikasimama, macho yakatoa machozi, ufizi ukawa mweupe, mimba ikaharibika. Mwisho akalala asiinuke tena. Watu wakanena kwamba yule mfugaji aliuza ng'ombe aliyekwisha kurogwa. Wengine wakasema la, ni sumu, kwa sababu ya ugomvi wa mashamba. Maneno yakawa makali hata wazee wakaitwa kuamua. Mwalimu hakushika upande wowote, ila atuuliza: ng'ombe wangu aliuawa na nini? Na kitu hicho chaweza kutuua na sisi tuliokunywa maziwa yake?

Mnyama asiyepimwa damu hatuwezi kumwapia. Lakini dalili hizo, na majani hayo ya ng'ambo ya mto, zatuelekeza kwa ugonjwa uitwao nagana, na mwenye kuuleta ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo.

Watu wa Kilwa na Liwale hawana haja ya kufundishwa sura yake, lakini wako wasomaji wa mijini wasiomjua. Ni mkubwa kupita nzi wa nyumbani, rangi yake ya kahawia, na akitua hulaza mabawa yake moja juu ya lingine kama mikasi iliyofungwa. Huuma mchana, naye hufuata kitu kinachokwenda, hata gari. Dume na jike wote hunywa damu, wala hawana chakula kingine. Jambo la ajabu ni uzazi wake. Nzi wengine hutaga mayai mamia, bali mbung'o hulea mtoto mmoja tu tumboni, akamzaa baada ya siku tisa au kumi hivi, na mtoto hujifukia katika udongo wa kivulini hata atoke akiwa na mabawa. Jike kwa kawaida huolewa mara moja tu maishani. Twaomba msomaji akumbuke neno hilo, maana litarudi huko mbele.

Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari Mwingereza David Bruce alitazama kwa hadubini damu ya ng'ombe wenye nagana, akaona vijidudu vyembamba vikijinyonga-nyonga kama mikunga. Akathibitisha ya kuwa mbung'o ndiye avichukuaye. Miaka michache baadaye malale yalizuka kando ya ziwa kubwa la Uganda, yakaua watu zaidi ya 200,000, na vijidudu vya namna ile ile vikaonekana kwa wagonjwa. Mwaka 1909 Mdachi Friedrich Karl Kleine, akifanya kazi katika nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi, alionyesha kwamba mbung'o akiisha kunywa damu yenye ugonjwa haambukizi siku zile za kwanza. Kijidudu hukua kwanza tumboni mwake. Zapita siku kama 20 hivi, ndipo mbung'o huyo awe hatari, naye huwa hatari hata kufa kwake.

Hapo likatokea fumbo lililowasumbua mabingwa muda mrefu. Nyati, pongo na wanyama wengine wa porini huwa na vijidudu hivi katika damu yao, nao hawaugui. Ng'ombe hukonda na kufa, mbwa na farasi vilevile. Mwaka 1910 ilitambuliwa ya kuwa malale ya upande wetu wa mashariki yana kijidudu chake, chenye kuua mtu kwa miezi tu, wala si kwa miaka kama kile cha magharibi. Walakini ukikiweka kijidudu hicho chini ya hadubini pamoja na kimoja cha nagana ambacho ni ndugu yake hasa, huwezi kupambanua. Je, ni kimoja au viwili? Max Taute, daktari Mdachi aliyechunguza malale ya mto Ruvuma kabla ya vita vya 1914, alijidunga mwenyewe damu ya mnyama mwenye nagana, asiugue. Twamsifu kwa ushujaa wake. Kwa akili yake, hatujui tuseme nini. Tena huko Tinde, karibu na Shinyanga, tangu miaka ya 1930 Dkt. Corson na wenziwe waliopokea kazi yake walikipitisha kijidudu cha malale kutoka kondoo hata kondoo, kwa kuumwa na mbung'o, miaka 18. Kila mara walijaribu kama chaweza bado kumwambukiza mtu. Watu waliojitoa kwa majaribio hayo wengi walikuwa Waafrika wa nchi hii, nao ndio walioumwa homa ile na kutibiwa, ili sisi tujue. Jibu lilikuwa kwamba chaweza: kijidudu cha malale chakaa ndani ya mnyama miaka mingi bila kusahau njia ya kumrudia mtu.

Siri yenyewe ilifunuliwa mwaka 1998. Katika damu ya mtu mna kitu cha asili kiuacho vijidudu vya nagana, ndiyo sababu Taute alipona. Lakini kijidudu cha malale ya mashariki kina chembe ya urithi inayokikinga na kitu hicho.

Basi mwalimu wetu apate jibu la pili. Maziwa aliyoyachemsha hayana hatia. Njia ya ugonjwa huu ni mbung'o. Nagana ya ng'ombe kwa kawaida haimwingii mtu. Lakini mbung'o yule yule wa ng'ambo ya mto, akiwa amekwisha kunywa damu ya mnyama mwenye kijidudu cha malale, aweza kumletea mtu malale. Wagonjwa wa malale katika Tanzania siku hizi ni wachache sana, wala hatutaki kumtia mtu hofu ya bure.

Wangindo wa Liwale wana historia yao katika jambo hili. Katika miaka ya 1940, Liwale ilipokuwa sehemu ya wilaya ya Kilwa, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa magharibi ya Liwale na kuwakusanya katika vijiji vikubwa, kwa ajili ya malale. Sababu nyingine ilikuwapo pia, maana tembo waliharibu mashamba na serikali ilitaka pori la wanyama. Watu wakaacha miembe yao na makaburi ya wazee wao. Pori likafunga, wanyama wakazidi, na mbung'o pamoja nao. Nchi ile ikaingizwa katika hifadhi ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twaona ya kuwa waliokusudia kumkimbia mbung'o walimwachia shamba zima.

Kwa hiyo pwani ya Kilwa na Lindi ilikaa miaka mingi bila ng'ombe wengi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu, na wengi wakaelekezwa kusini na pwani. Wakaingia na mifugo isiyowahi kuonja mbung'o wa huku. Wenyeji waliona makundi yakila mazao. Wachache waliona yale makundi yenyewe yakipungua.

Unguja walimshinda mbung'o kabisa. Kwanza walimpunguza kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na vitambaa vyenye sumu. Kisha, tangu 1994 hata 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliolelewa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi, walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Jike aliyeolewa na dume wa namna hiyo hakuzaa, wala hakutafuta mume mwingine. Mwaka 1996 alinaswa mbung'o wa mwisho wa porini. Kilwa haiwezi kufanya hivyo kwa wepesi, kwa kuwa haikuzungukwa na bahari. Ukisafisha kijiji leo, kesho wengine watoka porini.

Lililo mikononi mwetu ni dogo zaidi. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi: vitambaa vya rangi hizo vyenye dawa husimamishwa njiani mwao, na mtu aendaye porini avae nguo za rangi hafifu. Ng'ombe apakwe dawa ya kuua wadudu. Bwana Mifugo anayo sindano ya kutibu, na nyingine ya kukinga miezi miwili au mitatu. Isipunguzwe kipimo ili itoshe ng'ombe wawili, maana kijidudu kisichokufa hujifunza kuizoea dawa. Na mtu mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria, hasa akiwa na donda pale alipoumwa, amwambie mganga waziwazi ya kwamba alikuwa porini, damu yake itazamwe upya. Zamani dawa ya malale yaliyofika kichwani ilikuwa na zarniki ndani yake, nayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limekubali vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya mashariki, kwa wenye miaka 6 au zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi.

Tulipokuwa tukiandika haya ikaja barua ya pili ya mwalimu. Bwana Mifugo alifika, akatoa damu ya ng'ombe wa yule mfugaji, akaona vijidudu kwa watatu. Mfugaji hakuwa amemwambia mtu kwamba tangu masika amezika ng'ombe watano. Wazee wakaifunga kesi. Mfugaji amempa mwalimu ndama jike, hakutaka fedha, naye analishwa upande huu wa mto.