Upendo kwa zamu: jinsi jumuiya za Kikristo zinavyotunzana, na nani husahaulika

Ukiwauliza Wakristo wa kijijini kwako wanaonyeshanaje upendo, wachache watakujibu kwa maneno matamu. Wengi watakutajia kazi: tulimlimia fulani alipovunjika mguu, tulikesha msibani, tulimpelekea uji mgonjwa. Kazi hizo, kwa sehemu kubwa, hupangwa kwenye jumuiya, yaani kile kikundi cha majirani wanaokutana kusali nyumba kwa nyumba kila wiki.

Makala haya yanaeleza jumuiya ilitoka wapi, inafanyaje kazi, na jambo moja linaloleta manung'uniko sehemu nyingi: mtu ambaye hakuwa akihudhuria wala kuchangia, kisha akafiwa, au akafa yeye mwenyewe. Je, jumuiya imwache?

Jumuiya ilitoka wapi

Katika Kanisa Katoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia shirikisho lao la AMECEA walilianza jambo hili mwaka 1973. Mwaka 1976, walipokutana Nairobi, waliamua kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwe kazi ya kwanza ya kichungaji katika nchi zao. Kabla ya hapo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, ulikuwa umekazia kwamba Kanisa ni waumini wote, si padre peke yake.

Kulikuwa pia na sababu ambayo mtu wa kijijini anaielewa bila kufundishwa. Parokia moja ilikuwa na vigango vingi, na vingine padre alivifikia kwa nadra. Nani angejua kwamba bibi wa bondeni ana siku tatu hajawasha moto? Jirani yake. Na kwa Tanzania, watu walikuwa wamekwisha kuzoea mfumo wa nyumba kumi, kwa hiyo wazo la majirani wachache wenye kiongozi wao halikuwa geni.

Si Wakatoliki peke yao. Walutheri nao wana jumuiya zao zinazosali nyumba kwa nyumba chini ya mtaa na usharika. Makanisa mengi ya Kipentekoste yana vikundi vya nyumbani. Majina yanatofautiana, lakini kazi inafanana.

Upendo unavyoonekana siku za kawaida

Tuanze na salamu. Barua za Mtume Paulo, kwa mfano Warumi 16, zinawaagiza waumini wasalimiane kwa busu takatifu. Kwetu busu hilo limekuwa mkono. Katika Misa kuna wakati wa kutakiana amani, na mtu humpa mkono hata yule asiyemjua. Kwa Walutheri, ibada ikiisha watu hutoka nje kwa mstari na kushikana mikono. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, makanisa mengi yaliacha kushikana mikono, watu wakawa wanainama au kupungiana. Wengi walisema ibada imepoa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba salamu ile ilikuwa na kazi kubwa kuliko walivyodhani.

Baada ya salamu kuna kujuliana hali. Jumuiya inapokutana, sala na somo vikiisha, huulizwa: nani anaumwa? Nani amejifungua? Nani amesafiri? Kisha zamu hupangwa. Wawili wataenda hospitali na chakula, maana wagonjwa wengi hula kinacholetwa na ndugu. Wengine watamchotea maji mama aliyejifungua. Wakati wa palizi, jumuiya inaweza kutoa asubuhi moja kwa shamba la mjane au la mzee asiye na watoto karibu.

Msibani ndiko zamu huonekana zaidi. Kuna wa kuni, wa maji, wa kupika, wa kuchimba kaburi, na wa kukesha na wafiwa. Wafiwa wenyewe hawatakiwi kushika sufuria. Mtu aliyewahi kufiwa anajua maana ya kuamka asubuhi na kukuta chai imeshachemka na ua limefagiliwa, wala hakumwomba mtu.

Ndani ya nyumba nako upendo una sura yake. Kwetu wanaume wengi hawana mazoea ya kumwambia mke au mtoto kwamba wanampenda. Lakini barua ya Paulo kwa Wakolosai, sura ya 3, inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakate tamaa. Kumsikiliza mtoto aliyefeli mtihani kabla ya kumgombeza ni upendo wa Kikristo pia. Kumpokea mke ndoo anapotoka kisimani nako ni hivyo hivyo, hata kama majirani watacheka.

Pale inapokwama

Sasa tuje kwenye manung'uniko. Jumuiya nyingi zina michango: ya mgonjwa, ya msiba, ya kanisa. Kuna daftari la mahudhurio na daftari la michango. Mtu akihitaji barua ya kubatiza mtoto au kufunga ndoa, mara nyingi huulizwa kwanza: jumuiya inamfahamu? Likitokea jambo la msiba, swali hilo hilo hurudi.

Viongozi wa jumuiya wana hoja yao, na ni vizuri kuisikiliza. Wanasema wapo watu wazima wenye nguvu na kipato ambao hawaonekani mwaka mzima. Wenzao wakifiwa, wao wana shughuli. Siku wakifiwa wao, wanataka turubai, sufuria na watu wa kuchimba kaburi. Wale wanaojitolea kila mara huchoka, na wakichoka wote jumuiya hufa. Kwa hiyo viongozi huona bora kubana, ili watu wajifunze kushiriki.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini angalia nani hasa hunaswa na kamba hiyo. Tuseme jumuiya imekubaliana shilingi 2,000 kwa kila kaya kila msiba, na kwa mwezi mmoja imetokea misiba mitatu. Mwenye duka atatoa 6,000 na kusahau. Mama anayeishi kwa kibarua cha kulima atatoa ya kwanza, ya pili atakopa, ya tatu atashindwa. Akishindwa ataona aibu. Akiona aibu hatakwenda jumuiya. Asipokwenda mara nne, jina lake lina alama nyekundu kwenye daftari. Hakuacha kuwapenda wenzake. Alikosa fedha tu. Hata hivyo kwenye daftari yeye na yule tajiri mvivu wanafanana.

Wapo na wengine ambao daftari haliwaelewi: anayemuuguza mgonjwa usiku na mchana, mlevi anayeona aibu, kijana anayefanya kazi ya ulinzi usiku na kulala mchana, mwenye ugonjwa wa akili, na mzee ambaye magoti hayafiki tena kwenye nyumba ya mlimani.

Wakristo wa kwanza walikumbana nalo

Tatizo hili si jipya. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza kwamba kanisa la kwanza la Yerusalemu lilikuwa likigawa chakula kila siku kwa wajane. Yakatokea manung'uniko: wajane waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa, huku wajane wa Waebrania wakipata. Hao waliosahauliwa walikuwa waumini kama wenzao. Walipitwa kwa sababu hawakuwa karibu na wagawaji.

Mitume hawakuwalaumu wajane kwa kulalamika, wala hawakuanza kuhesabu nani alihudhuria. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki, na wataalamu wengi wa Biblia huona hapo kwamba kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa.

Injili ya Luka, sura ya 14, inaongeza jambo jingine. Yesu anamwambia mwenyeji wake kwamba anapofanya karamu asiwaalike wale watakaomwalika nao, bali maskini na vilema, kwa kuwa hao hawana cha kumrudishia. Kwa kipimo hicho, kusaidiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, ni jambo jema, lakini hata wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa hufanya hivyo. Upendo ambao Injili inauzungumzia huanza kuonekana unapomfikia asiyeweza kurudisha.

Sheria ya Kanisa inasemaje kuhusu maziko

Kwa Wakatoliki, jambo hili limeandikwa. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, kanuni ya 1184, inataja watu wanaoweza kunyimwa maziko ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waumini. Kukosa jumuiya hakukutajwa humo, wala kudaiwa michango. Tena kanuni hiyo inasema kukiwa na shaka, aulizwe askofu, na uamuzi wake ufuatwe.

Kanuni ya 1181 inagusa fedha moja kwa moja. Inakataza upendeleo katika maziko, na inataka maskini wasikose maziko yanayostahili.

Hii haina maana kwamba jumuiya si kitu. Maana yake ni kwamba mwenyekiti wa jumuiya hana mamlaka ya kumnyima mtu maziko. Familia ikiambiwa hivyo, ina haki ya kwenda kwa katekista na kwa paroko, kwa heshima, na kueleza hali halisi. Makanisa mengine yana taratibu zao, na wa kuuliza huko ni mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa. Ni vizuri kuuliza mapema, kabla ya msiba, maana msibani kila mtu ana uchungu na maneno hutoka makali.

Mambo ambayo jumuiya inaweza kuyafanya

La kwanza, daftari la mahudhurio litumike kutafutia watu. Mtu akikosa mara mbili, wawili waende kwake kumjulia hali, na wasianze na habari ya mchango. Mara nyingi mtakuta kuna mgonjwa ndani, au kuna ugomvi ambao haujasemwa.

La pili, mchango usiwe fedha tu. Mzigo wa kuni, debe la maji, saa tatu za kupika au nusu siku ya kuchimba kaburi viandikwe kwenye daftari kama mchango kamili. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

La tatu, majina ya wasiotoa yasibandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Siku hizi mhazini hupokea michango kwa simu, kisha hutuma orodha: fulani katoa, fulani bado. Mathayo sura ya 6 inafundisha kutoa sadaka kwa siri. Mhazini atume jumla iliyopatikana na namna ilivyotumika, ili hesabu iwe wazi. Anayedaiwa aongee naye peke yake.

La nne, jumuiya imweke mtu au wawili ambao kazi yao ni kuwajua waliosahaulika, kama wale saba wa Yerusalemu. Ikiwezekana awepo kijana mmoja na mama mmoja mjane, watu ambao maskini hawaoni haya kuwaeleza shida zao.

La tano, upendo usiishie kwenye uzio wa dhehebu. Katika mfano wa Msamaria mwema, Luka 10, aliyesaidia na aliyesaidiwa hawakuwa wa kundi moja. Vijijini kwetu Waislamu hushika jembe kaburini kwa Mkristo, na Wakristo hufanya vivyo hivyo. Jirani wa dini nyingine akiugua, naye apewe zamu ya uji.

Na yule mwenye uwezo anayejificha mwaka mzima? Aambiwe ukweli, ana kwa ana, na watu anaowaheshimu, akiwa hai na mwenye afya. Kumngojea afiwe ndipo aadhibiwe ni kuwaadhibu watoto wake na mama yake mzee, ambao hawakukosa kitu.

Wiki hii jumuiya yako itakapokutana, kabla ya sala ya kufunga, muulizane swali moja: nani hatujamwona muda mrefu? Mkitaja jina, mpange nani ataenda na siku gani. Na kama jirani yako hana simu, msomee makala haya.