Tusiimalize Chikanda

Ni nani katika upande wetu huu wa Chitete na Tunduma asiyeijua chikanda? Wengine huiita kinaka. Viazi vidogo vya porini hukaushwa na kutwangwa, unga wake ukachanganywa na karanga zilizosagwa, magadi, chumvi na pilipili, kisha hupikwa mpaka ushikamane kama mkate. Hukatwa vipande, na watoto hawabakizi kitu. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, chakula hiki chapendwa sana.

Lakini je, twajua viazi hivi ni vya mmea gani? Ni okidi, ua dogo la mbugani. Nao mmea huu wapungua.

Zamani Wazambia walichimba kwao. Vilipoadimika, wafanyabiashara walivuka mpaka kuvitafuta huku. Uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilitoka kila mwaka nyanda zetu za juu za kusini kwenda Zambia. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa, na kuchimba humo ni marufuku. Tena okidi zote zimo katika mkataba wa mataifa uitwao CITES, kwa hiyo kuzivusha mpaka kwahitaji kibali.

Mama anayepeleka debe sokoni hana nia mbaya. Atafuta ada ya shule. Ila na ajue jambo hili. Ukichimba okidi hizi wakati wa maua, mara nyingi wakuta viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kilichonywea kwa kulisha ua. Cha pili ni kipya na kigumu, akiba ya mmea wa mwakani. Hicho kigumu ndicho tukichukuacho! Tukichukua vyote, mwakani hapaoti kitu.

Basi, yawezekana kuipanda? Mimi mwenyewe niliwahi kupanda viazi kumi katika bustani ya maua, nikatia samadi nyingi. Viwili tu vilitoa majani, na mwaka wa pili hapakuota hata kimoja. Kosa langu lilikuwa kuifanya okidi kama mchicha. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani. Ili iote yahitaji kuvu fulani wa udongoni wa kuilisha. Kwa hiyo mahali pema pa kuiotesha ni palepale ilipozaliwa.

Fanyeni hivi. Kwanza, katika kila kundi la maua chagueni mimea mizuri, muiwekee vijiti, isiguswe na mtu. Pili, ngojeni tumba la mbegu ligeuke rangi ya kahawia na kuanza kupasuka. Hapo likung'uteni karibu na mmea mama, penye udongo uliokwaruzwa kidogo. Tumba moja lina mbegu maelfu, lakini zitakazoota ni chache, na yapita miaka kadhaa kabla ya kuona ua. Tatu, kama mahali patalimwa, hamisheni mmea baada ya majani kukauka. Utoeni pamoja na bonge la udongo wake, mkaupande kwa kina kilekile katika mbuga nyingine ya namna ile, penye jua na unyevu wa masika. Msitie samadi wala mbolea ya dukani. Kiangazi kiazi hulala, msikimwagilie maji.

Njia hii haitajaza debe mwaka huu. Lakini ada ya shule hutakiwa kila mwaka, na mbuga iliyokombwa hailipi ada ya mtoto wa pili. Mvua zikianza, akina baba na akina mama, nendeni mbugani pamoja na watoto, nao ndio washike vile vijiti.